Mtoto Aliyetulia Mno

Mwanangu alipofikisha siku nne, kila aliyekuja kutupongeza nyumbani kwetu, kijijini Maji ya Chai, alimsifu kwa utulivu. Mama mkwe alimsifu kuliko wote. Mimi nilikuwa naona mtoto asiyenyonya. Nikamfunika khanga nikaenda naye hospitali, ingawa kwetu mzazi hatoki nje kabla ya miezi mitatu.

Wakasema hana homa. Wakamtoboa kisigino, wakapima kile kipimo cha damu ambacho hupanda mwili ukipambana na maambukizi. Majibu yakaja hayana shida. Muuguzi akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

"Siendi," nikasema. "Hajanyonya tangu asubuhi."

Mama mkwe akafika na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi, akaninong'oneza, "Mwanangu, unatuaibisha." Nikaupokea mtori, nikanywa wote, nikabaki palepale kwenye benchi. Daktari alipoona sibanduki, akakiri kwamba kipimo kile huchelewa kupanda. Akatupatia kitanda, akaagiza kirudiwe kesho yake.

Asubuhi kilikuwa kimepanda vibaya sana. Hakuna aliyenitajia nyumbani tena. Walikuwa wanakimbilia sindano za dawa.

Sasa ana miaka mitatu, na anapiga kelele tangu alfajiri mpaka kuku wanakimbilia migombani. Mama mkwe hulalamika, "Hebu mwambie huyu mtoto anyamaze kidogo." Namheshimu, na shikamoo yangu anaipata kila asubuhi. Lakini mtoto simnyamazishi.