Mfupa wa Shemeji

Ukimuuliza Waringa anasoma nini, jiwekee chai kwanza. Ni masters ya viumbe vya kale, wale walikufa kitambo mpaka wakageuka mawe. Mamake huambia watu wa kanisa, "Ni kama udaktari tu, ila wagonjwa wake hawana haraka."

Juzi alikwama na mfupa mmoja wa kale, wa bega la swala, uko na mikwaruzo. Ni fisi alitafuna, ama ni mtu alikuwa anatoa nyama? Msimamizi wake, Daktari Kivuva, akamwambia, "Niletee mfupa umekatwa na mtu hajui kukata, tulinganishe. Bila huo, hii sura ya thesis yako naitoa."

Rahisi, si ndio? Waringa akazunguka bucha zote za Dagoretti Corner. Shida ni hao wasee wanajua kazi. Kisu inapita katikati ya kiungo, mfupa unatoka bila alama. Akijaribu mwenyewe pia hakosi. Viungo ndio vitu amesomea.

Jumamosi ikafika ngurario, harusi ya kimila ya Wakikuyu, ya dada yake, Shiko, huko Uthiru. Huko lazima bwana harusi akate kiande, bega la mbuzi, mbele ya watu wote. Akikosa kiungo, wamama hawasahau. Sasa huyu bwana harusi, Kitonga, ni mtu wa ofisi Upper Hill, hata mkate hununua umekatwa tayari.

Akaanza. Huku hakuna. Kule hakuna. Jasho.

"Kijana, unakata ama unamkuna?" shangazi mmoja akauliza.

"Mwacheni," mwingine akasema, "anangoja meneja apitishe."

Mjomba Ndegwa akainuka amwonyeshe. Waringa akamvuta koti.

"Uncle, kaa tafadhali. Usimsaidie."

"Unataka dada yako abaki hapa bila kuolewa?"

"Nataka shemeji akose tena kidogo."

Kiande ikatoka mwishowe, imeteseka. Waringa akaomba mfupa kabla ya watu wa supu kuufikia.

Jumatatu, kwa maabara upande wa Ngara, akauchemsha huo mfupa, akausafisha, akaweka mifupa yote miwili chini ya hadubini. Mikwaruzo ilikuwa imezunguka kiungo pande zote, inakitafuta, haikipati. Kwa mbuzi, na kwa swala vilevile. Daktari Kivuva akaangalia mpaka chai yake ikapoa.

"Fisi hatafuti kiungo," akasema. "Sura inabaki."

Waringa akamtumia Kitonga picha ya mifupa yote miwili, na maelezo. Jibu likaja hapo hapo: "Kwa hivyo hata wakati huo kulikuwa na mwenzangu?"

"Alikuwa, shem. Na naskia mashangazi walikuwa hapo kando."