Marahaba ya Mzee Ishengoma

Daktari Felicitas Ishengoma alimaliza ujana wake akisoma jinsi ubongo unavyosikia. Alianzia ughaibuni, kwa panya, akiwapachika nyaya vichwani na kuwapigia filimbi. Mama yake alipofariki, panya walikuwa katikati ya jaribio. Felicitas hakuja kuzika. Alituma shada la maua. Mbuzi wakalila kabla padri hajamaliza.

Aliporudi Mwanza na shahada ndefu kuliko jina lake, alikwenda Igogo, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaendelea kuchambua dagaa. Mwaka huo, na uliofuata, hivyo hivyo.

"Usimlaumu, dada," alisema mdogo wake, Projest. "Mzee masikio yamekwisha."

"Mbona wewe anakujibu?"

"Mimi si napayuka kama niko mnadani!"

Felicitas akaing'ang'ania habari hiyo kuliko rozari. Pengine ndiye binti wa kwanza kanda ya ziwa kumwombea baba yake uziwi.

Maabara yake ilikuwa chumba cha uani huko Buhongwa, kuta zimepigiliwa magodoro, maana vifaa vya kuzuia kelele vya wafadhili vilikuwa bado "kwenye mchakato". Humo alipima watoto wachanga, wasioweza kusema kama wanasikia. Mashine yake haiulizi mdomo. Inauliza ubongo wenyewe.

Projest akamleta mzee kwa kumdanganya anapimwa presha. Felicitas akambandika nyaya kichwani, akamvisha spika za masikioni. Sauti moja haitoshi. Lazima irudiwe mara mamia ndipo mawimbi ya ubongo yaonekane. Mlio wowote ungefaa. Yeye akaweka sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi.

Shikamoo, baba. Shikamoo, baba. Shikamoo, baba.

Mzee alilala macho wazi, akikodolea godoro la ukutani.

Kwenye skrini mstari ukajikunja, ukapanda, ukawa kilima safi, ungedhani cha kijana. Masikio mazima. Ubongo ulikuwa unamwitikia muda wote. Mdomo ndio uliogoma, tangu mazishi.

Projest akachungulia mlangoni. "Haya, daktari, tupe majibu. Tumnunulie kifaa?"

Felicitas alizima mashine. Akampangusa baba yake jeli kwenye paji la uso, taratibu, kama anayeosha maiti.

"Kiziwi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata panya wake wangelazimika kuitegea sikio. "Hasikii kabisa."

Mzee, aliyekuwa amewapa mgongo akitafuta kofia yake, akaafiki kwa kichwa.