Duka Lisilojua Njia ya Kimulot

Fundi alisema maneno haya akiwa bado anakanyaga cherehani, macho kwenye sindano.

"Hii mambo ya Kimulot isiponyooka, nyathina, ndugu yangu akija na pikapu mwisho wa mwezi napakia hii mashini narudi nayo nyumbani."

Nyathina maana yake ni "mtoto wangu", kwa lugha yao kule ziwani. Aliniita hivyo tangu siku niliyoweka laptopu yangu ya mtumba kwenye kona ya chumba chake cha kushonea, hapa Kericho mjini, na mimi nikawa namwita Mama. Mimi ni Mkipsigis, mwenyeji wa huku, shule niliachia kidato cha pili, na kazi yangu ni kutengeneza maduka ya mtandaoni. Nikiandika hivyo naona kama najisifu. Tuseme nilikuwa najifunza kutengeneza, na yeye alikubali nijifunzie kwake.

Alikuja huku akiwa msichana, akachuma majani ya chai kwenye shamba la kampuni mpaka zilipoletwa mashini za kuchuma na watu wengi wakasimamishwa. Sisemi kampuni ilikuwa mbaya tu. Yeye mwenyewe husema nyumba waliyompa ilikuwa haivuji. Lakini nyumba ilienda pamoja na kazi, akabaki na cherehani na kile alichojua kuhusu eproni. Asubuhi chai huwa imelowa chapa, na ukiingia kwenye mistari bila eproni nzuri, maji yanakufika mapajani kabla kikapu hakijafika nusu. Eproni zake za turubai laini alizipasua katikati ili mguu upite kati ya michai, na kiunoni akaweka mshipi mpana usiokata mtu akiinama. Waliozivaa walizipenda. Shida ni kwamba wachumaji wengi sasa wako kwenye mashamba madogo ya watu binafsi, huko ndani, na hawana safari ya kuja mjini kutafuta eproni. Ndiyo maana tukafungua duka la mtandaoni.

Duka lenyewe sikulijenga kutoka chini. Nilichukua moja la wale wanaotoa tayari, unabadilisha picha na rangi, basi. Nikaweka kijani cha majani machanga, nikampiga Mama picha akiwa na mkasi, nikaona tumefika Ulaya. Sehemu ya mteja kuandika anakoishi sikuigusa. Iliuliza mtaa, namba ya nyumba na anwani ya posta. Ilionekana ya maana, na mimi nikiona kitu kinaonekana cha maana huwa naogopa kukigusa.

Sasa wanawake wa chama kimoja kule Kimulot wakaamua kununua eproni kwa pamoja. Walikutana siku moja, wakatumia simu ya mwenyekiti wao kwa sababu ndiyo ilikuwa na bando la intaneti. Kila mmoja akaagiza yake, kwa zamu, simu ikipita mkono kwa mkono. Walipofika kwenye anwani wakaandika boksi ya posta ya shule ya msingi, kwa kuwa eneo lote lile hutumia boksi hiyo hiyo. Mtaa wakaandika Kimulot. Namba ya nyumba, kila mtu akaandika sifuri.

Lile duka lilikuwa na mlinzi wake ndani. Likiona oda zinafuatana, simu moja, anwani moja, linafikiri ni mtu mmoja aliyebonyeza mara nyingi kwa kuchanganyikiwa. Linafuta zote na kubakisha ya mwisho. Wala siwezi kuwalaumu sana waliolitengeneza. Kwao huenda kila nyumba ina namba yake na kila mtu ana simu yake, na mlinzi huyo amewaokoa watu wengi. Lakini Kimulot ilifika eproni moja. Tena aliyeagiza mwisho ndiye mama mwenye mwili mkubwa kuliko wote kwenye chama.

Pesa za ziada duka lilizirudisha lenyewe kwenye simu ya mwenyekiti, kwa hivyo hakuna aliyeibiwa. Lakini hasira haikuwa ya pesa. Mwenyekiti alituma ujumbe wa sauti unaoanza na salamu ya kwetu, na Mama akanifanya niucheze kwa nguvu.

"Fundi, chamgei. Tumepokea hema lako. Tunauliza, tuingie wote mara moja ama tuvae kwa zamu? Wengine wanasema hivi ndivyo watu wa mjini mnatuona, watu wa kudanganywa na simu. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu ni wao wanasema."

Nilicheka hapo kwa hema. Mama hakucheka. Yeye ni mtu wa kutoka kwingine, na amewahi kuishi hapa katika miaka ambayo watu wa kutoka kwingine walilala wamevaa viatu, tayari kukimbia. Kwake jina zuri ndicho kitu kilichomruhusu kukaa. Ndipo alipotaja pikapu ya ndugu yake.

Nikamwambia twende. Sikuwa na dawa yoyote mkononi, nilitaka tu tusikae tukingoja kusemwa zaidi.

Tuliwakuta kwenye senta, kile kibanda cha kupimia majani, wakingoja lori la kiwanda. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani na wenyewe wamekaa kando yake, miguu imenyooshwa. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alimsalimia Mama kwa heshima, kisha akanigeukia.

"Wewe ni wa kwetu?"

"Ndio, Mama. Natoka upande wa Sigowet."

"Na nyumba ya mama yako ni namba ngapi?"

Wote wakacheka. Nikajaribu kukumbuka kama nimewahi kuishi kwenye nyumba yenye namba. Sikuwahi. Hata boksi yangu mwenyewe, mpaka leo, ni ya shule niliyosoma.

Nikawaeleza yule mlinzi wa duka alivyofanya, jinsi alivyowaona wote kama mtu mmoja. Yule mama mkubwa akasema, "Angalau alichagua mimi," na hapo mambo yakalegea kidogo. Mama naye alisimama akaongea, Kiswahili chake kikipanda na kushuka.

"Mimi nimechuma majani kabla huyu mtoto hajazaliwa. Mtu akilowa mimi najua analowa wapi. Yawa, nitawadanganya na eproni? Kama ni kudanganya, nisingechagua kitu kikubwa?"

"Fundi, tunakuamini," mwenyekiti akasema. "Ni hiyo duka yako hatuamini. Haijui sisi ni nani."

Nilikuwa nikimwangalia karani wa senta. Kila mkulima ana namba yake ya kiwanda, na akipima gunia anaitaja. Nikaruka. Nikasema basi mteja aandike namba ya mkulima, kwisha kazi! Nilijiona nimepata.

Walicheka mpaka karani akatoka nje kuangalia.

"Hiyo namba ni ya mzee wa nyumba," mmoja akaniambia. "Shamba ni la mzee, namba ni ya mzee. Eproni itaitwa kwa jina la mzee, na mzee hajawahi kuvaa eproni tangu azaliwe."

"Atavaa ya kwangu," akasema yule mama mkubwa. "Inatosha wawili."

Nikakaa kando ya magunia. Hapo ndipo nilipopata msaada, kwa sababu lori lilifika na wote wakainuka, na hakuna aliyeuliza gunia lake ni lipi. Kila gunia lilikuwa limefungwa kipande cha kitambaa shingoni. Kingine ni cha leso ya zamani, kingine cha sare ya shule, kingine cha pazia lenye maua. Nikamuuliza mwenyekiti. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wana majina.

"Ni alama. Magunia yote ni ya kiwanda, yanafanana. Ukifunga kitambaa chako hakuna vita. Hata nisipokuja, mtu ataona ile nyekundu yenye nukta, atasema hii ni ya mama fulani."

Kwetu mwanamke mwenye watoto huitwa kwa jina la mtoto. Mama fulani, wa senta fulani, mwenye kitambaa fulani. Nilikuwa nimeona vitambaa hivyo maisha yangu yote. Mama yangu anacho chake. Sikuwahi kufikiri ni anwani.

Nikamgeukia Mama nimwambie, nikakuta ameshashika gunia moja anapapasa kile kitambaa kwa vidole vya fundi.

"Hii naweza kushona kwa pindo," akasema. "Hapa chini. Kila mtu na yake."

Basi kazi ikawa hiyo. Yeye atashonea kila eproni ukanda wa alama ya mwenyewe, na mimi nitengeneze ukurasa wa kuagizia unaouliza maswali matatu tu. Senta yako ni gani? Unaitwa mama nani? Alama yako ni ipi? Na duka lisimfute mtu kwa sababu ameazima simu.

Kusema ni rahisi. Kuna jamaa mjini, mzaliwa wa hapa kwa wazazi waliotoka upande wa kati ya nchi, anauza simu na kompyuta, na amesomea mambo haya chuoni. Nilikuwa nimemkwepa muda mrefu nikifikiri atanicheka. Nilienda kwake nimekwama. Maswali yangu matatu yalikuwa yanaonekana vizuri kwenye ukurasa, lakini oda zilizidi kufutwa. Aliisoma kazi yangu mstari kwa mstari.

"Hii umeandika mwenyewe?"

"Ndio. Ni mbaya?"

"Si mbaya. Umezunguka sana, lakini umefika." Akanionyesha mahali duka lilipokuwa linalinganisha simu na anwani, na jinsi ya kuliambia lilinganishe jina na alama badala yake. Hakunilipisha. Alisema nimletee eproni ya mama yake. Nimesema haya kwa sababu nilikuwa nimemwaza vibaya, na hakustahili.

Vitambaa vilitupa shida nyingine. Nilikuwa nimeweka orodha ya rangi ya kuchagua, nyekundu, bluu, njano. Mwenyekiti alipojaribu akapiga simu.

"Ya kwangu haiko."

"Si ni nyekundu, Mama?"

"Ni nyekundu yenye nukta. Nyekundu tupu ni ya jirani yangu, na sisi hatupendani hivyo."

Nikaitoa orodha yote, nikaweka mahali pa kupigia kitambaa picha. Hiyo waliipenda. Zikaanza kuingia picha za vitambaa vimelazwa kwenye nyasi, kwenye mapaja, kimoja kwenye mgongo wa ndama. Mama akawa anazungukia mafundi wenzake sokoni kila jioni akiokota mabaki ya kufanana nazo. Asipopata anashona kinachokaribiana nacho, na ananiambia nimwandikie mwenye alama nimuulize kama atakikubali. Wengine walikubali. Mmoja alikataa akatuma kipande chake mwenyewe.

Mzigo wa Kimulot ulipanda bodaboda siku ya mvua. Mama hakushona mchana ule. Alipanga nyuzi kwa rangi, akazipangua, akazipanga tena. Mimi nilikuwa nafikiri kila kitu kinachoweza kuharibika, na ninajua kufikiri hivyo. Nilikuwa na hakika nimechanganya oda mbili.

Na kweli nilikuwa nimezichanganya. Ujumbe wa mwenyekiti ulianza na hilo.

"Fundi, chamgei mising. Wawili mmewabadilishia. Lakini walitazama pindo wakabadilishana hapo hapo, hata hatukufungua mdomo." Kisha nyuma yake wakasikika wanawake wakiongea wote pamoja. "Wamependeza. Karani anasema sasa atatujua kwa miguu. Kongoi, asante sana, fundi. Lile hema tumempa mzee mmoja, amefunikia mbuzi."

Mama aliurudia ujumbe ule mpaka nikaogopa chaji ya simu itaisha. Mama wa lile hema, tuseme ukweli, alikuwa ameagiza nyingine, na safari hii alipima kiuno kabla ya kuagiza.

Baada ya hapo ziliingia oda kutoka senta za jirani, kisha upande wa kwetu Sigowet. Moja ilitoka Ndanai. Mahali pa senta mwenyewe alikuwa ameandika: "Sisi huku hatuna majani, tuna maziwa. Mtaniletea pale tunapopimia maziwa, nitavaa nikikamua." Nikakaa kuangalia ukurasa wangu. Swali la kwanza halimtoshi mtu wa Ndanai. Itabidi nilipanue, na nikilipanua labda nitaharibu kingine. Lakini nilifurahi kwamba hakukata tamaa, aliandika tu pale palipokuwa na nafasi.

Ndugu yake Mama alifika na pikapu mwisho wa mwezi kama alivyosema. Alileta samaki wakavu na miwa. Alisimama mlangoni na kamba mkononi, kwa sababu aliambiwa aje na kamba. Mama alikuwa kwenye cherehani, turubai limemfunika magoti, na mezani vimelazwa vitambaa viwili, kimoja cha oda ya Ndanai.

"Mashini ni hii?"

"Si unaona inafanya kazi?"

"Lakini ulisema nije na kamba."

"Kamba ni nzuri. Funga na hiyo kabeji. Kuna kabeji hapo sokoni kutoka Bomet, nyumbani wamekula vile visamaki vya omena mpaka wamechoka."

"Nimetoka ziwani kwa ajili ya kabeji?"

"Na viazi," akasema Mama. Akakata uzi kwa meno, akanisukumia eproni iliyokwisha. "Nyathina, soma hapo kwa simu. Huyu wa maziwa alama yake ni ipi, hii ya mistari ama ile ya maua?"

Nikaangalia picha. Nikaangalia tena, kwa sababu sikujiamini. Ilikuwa ya mistari.