Siku Kibuyu Alipopiga Magoti

Kamili Bujiku alikuwa na kanuni moja, na aliishika tangu ujana wake hadi kaburini: mkalimani ni mlango, si mwenye nyumba. Neno likija linapita. Halivikwi nguo, halivuliwi.

Kanuni hiyo hakuipata kitabuni. Aliipata machimboni upande wa Geita, alikokwenda akiwa kijana na Kiingereza cha shule ya misheni, akawekwa kutafsiri kati ya msimamizi Mzungu na vibarua wa Kisukuma. Siku moja msimamizi alimtukana kibarua mmoja tusi zito. Kamili alimhurumia yule mtu, akamwambia, "Bwana anasema ukaze mwendo kidogo." Kibarua akatabasamu, akainama, akasema asante sana bwana. Msimamizi alipoona mtu anatukanwa naye anatabasamu, alidhani anadharauliwa, akamfukuza kazi papo hapo. Kamili alimtazama yule mtu akifunga mkeka wake bila kujua kosa lake ni nini. Tangu hapo hakupunguza neno la mtu, wala hakuliongeza.

Machimbo yale yalipofungwa alirudi kwao, upande wa Bugarama, akalima pamba na mahindi kama watu wengine, na siku za kesi aliitwa kutafsiri katika mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mgeni asiyejua Kisukuma, na wazee wengi walikuwa hawajui Kiswahili cha kutosha kujitetea. Kamili alisimama katikati. Aliyesema "mimi ni mwizi" alitafsiriwa kuwa mwizi, hata kama ni jirani. Watu walimnung'unikia, lakini kila mwenye kesi alimtaka yeye.

Alikuwa na furaha moja nje ya kazi na kanisa, nayo ni ngoma. Wageni wa nchi yetu huenda hawajui kwamba Wasukuma katika ngoma wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, na mtu hurithi upande wake kama anavyorithi ukoo. Baada ya mavuno pande hizi hushindana. Zinacheza uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Kila upande hutafuta la kuwavuta: nyimbo mpya, nyoka, vinyago vinavyonyanyua mikono. Kamili alikuwa Mgika, na ngoma kuu ya Wagika ilikuwa mikononi mwake tangu kabla hajaoa. Kiongozi wao, anayeitwa ningi, alikuwa Ngassa, kaka wa mkewe Scolastika.

Basi mwaka mmoja, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, Padri wa misheni alileta sinema ya vikaragosi. Vilikuwa viwili, vya mbao na vitambaa, mmoja mnene mwenye kofia, mwingine mrefu mwembamba, na walikuwa na punda mmoja waliyekuwa wakimgombea. Walisema Kiingereza. Padri alimpa Kamili kipaza sauti, na Kamili akawa anasema Kisukuma kila midomo yao ilipofunguka. Watu hawakujali majina yao ya ng'ambo. Kabla sinema haijafika katikati, mnene alikwisha kuitwa Kibuyu na mwembamba Mwiko. Mwishoni punda alimtupa Kibuyu kwenye tope, na Mwiko akacheka mpaka akaanguka naye. Kibuyu akainua kichwa chenye tope, akasema kwa sauti ya Kamili, "Mwiko, tutaonana!" Shuka jeupe la sinema likabaki tupu.

Ningependa kusema kwamba watu wazima walirudi makwao wakasahau. Hawakusahau. Kwa kuwa Ngassa ni mtu mnene, Wagika walimchukua Kibuyu kuwa wao. Wagalu wakamchukua Mwiko. Msimu uliofuata kila upande ulichonga kinyago cha mtu wake ukacheza nacho, na Wagalu walipokuwa wakipita wakiimba habari ya tope, Wagika walijibu, "Tutaonana!" Kisimani wanawake walibishana kama punda yule alihongwa. Mimi sioni haya kusema kwamba ulikuwa upuuzi. Lakini ulikuwa upuuzi usioumiza mtu, na niliwahi kuona upuuzi mbaya zaidi ukifanywa na watu wenye vyeti.

Ndipo Padri akatangaza baada ya misa kwamba sehemu ya pili imefika, na itaonyeshwa Jumapili ijayo jioni, uwanja wa misheni. Mashindano ya ngoma yalikuwa Jumatatu yake, sikukuu ya wakulima. Kanisa zima likashangilia, hata Padri akalazimika kupiga kengele.

Kwa kawaida Kamili aliangalia sinema kwanza peke yake na Padri, chumba cha kulia cha nyumba ya mapadri, ili ajiandae maneno. Aliiangalia akanyamaza. Alimwambia tu mkewe, "Inachekesha." Lakini mpishi wa Padri alichungulia mlangoni, na ingawa hakujua Kiingereza, macho anayo. Kesho yake Ngassa alikuja nyumbani kwa Kamili, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Shemeji," alisema, "mpishi anasema Kibuyu anapiga magoti."

"Mpishi amesema."

"Mbele ya Mwiko?"

Kamili akaendelea kuchambua pamba.

"Basi ni kweli. Ingekuwa uongo ungecheka." Ngassa alivuta kigoda karibu. "Sikiliza. Kupiga magoti si neno. Mtu anaweza kupiga magoti ameangusha kitu, anakitafuta. Sema ametafuta kifungo."

"Hana kifungo, shemeji. Amevaa kamba."

"Basi ametafuta kamba!"

Scolastika alicheka huko jikoni mpaka akakohoa moshi.

"Usicheke, Scola," Ngassa alisema. "Wewe umezaliwa Mgika. Jumapili Kibuyu akimwomba Mwiko msamaha, Jumatatu uwanja wote utahamia kwa Wagalu. Nani atakuja kutazama watu ambao mtu wao amejisalimisha? Shemeji, mdomo wa kikaragosi ni ufa tu. Unafunguka, unajifunga. Neno lolote linaingia."

"Hata wa shahidi ni ufa," Kamili alijibu. "Nikitia neno langu mdomoni mwa Kibuyu Jumapili, nitalitia mdomoni mwa shahidi kesi ikija."

"Kikaragosi hana kesi!"

"Mimi ninayo."

Ngassa alisimama. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ningi, na ningi anayeshindwa huchekwa msimu mzima. Alielekeza kidole kwenye ngoma kuu iliyokuwa imetundikwa ukutani. "Hiyo ni ya Wagika. Haiwezi kukaa kwa mtu anayewauza. Fikiri vizuri, shemeji."

Alipoondoka, Scolastika aliketi mahali pale pale alipokaa kaka yake. Alijua mumewe anavyoipenda ile ngoma. Kamili alikuwa akiipaka mafuta ya ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe, wala hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

"Kibuyu anasema nini hasa?" aliuliza.

"Utasikia na wenzako."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Basi nimeolewa na mlango kweli," alisema, akarudi kwenye moshi wake.

Jumapili ile watu walikuja kutoka mbali. Walikuja kwa baiskeli na kwa miguu, wengine na viti vyao kichwani. Bila kuambiwa na mtu walijigawa: Wagika kushoto, Wagalu kulia, kama wako uwanjani kwenye ngoma. Padri alipoona nafasi ya katikati imebaki wazi aliuliza kama kuna nyoka. Mbele kabisa upande wa kulia alikaa bibi mmoja, Mbuke, aliyekuwa Mgalu kuliko Wagalu wote. Kamili alimpita na kipaza sauti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo utasema kweli, au utasema Kigika?"

Upande wa kulia ukacheka. Jenereta ikaanza kunguruma, na shuka likawaka.

Sehemu ya pili ilikuwa ya harusi. Kibuyu na Mwiko walipewa kazi ya kupika. Kibuyu aliiba kuku, akamficha ndani ya kofia, na kofia ikawa inatembea yenyewe kichwani. Wagika walipiga makofi kwa ujanja wa mtu wao. Alipokwisha kumla kuku akabakiza mfupa kofiani, Kibuyu akamsingizia Mwiko, na wenye harusi wakamcharaza Mwiko kwa mwiko wa kweli. Wagalu wakazomea. Mzee mmoja alisimama kutoa ushahidi: "Si yeye! Niliona! Yuko kofiani!" Akaketishwa na wanawe. Watu walicheka mpaka wengine walijilaza chini, na Padri alikuwa akifuta macho kwa kanzu.

Halafu vikaragosi wale wakabaki peke yao jikoni. Mwiko alikuwa na mkono uliovunjika, unaning'inia kwa uzi. Kibuyu alimtazama. Akavua kofia, mfupa ukadondoka. Akapiga magoti.

Kamili aliangalia upande wa kushoto, akamwona Ngassa amesimama. Mdomo wa Kibuyu ukafunguka. Kamili akasema, kwa sauti ileile aliyotumia mahakamani:

"Nimekosa mimi. Wewe umepigwa kwa ajili yangu. Wewe ni mwema kuliko mimi. Nisamehe."

Kulia wakalipuka kwa vigelegele. Kushoto ilikuwa kama mtu amemwaga maji motoni.

"Mkalimani amehongwa!"

"Kibuyu hawezi kusema hivyo! Rudisha!"

"Padri, rudisha!"

Padri, aliyedhani wamependa, aliirudisha. Mashine yake ilikuwa ikirudisha picha bila kuzima taa, na watu wakaona sinema ikienda kinyumenyume. Kibuyu akanyanyuka kutoka magotini, mfupa ukaruka ukaingia kofiani, kofia ikapanda kichwani. Wagika wote wakasimama.

"Ameinuka! Ameinuka!"

"Iache hapohapo! Zima mashine!"

Walicheza. Nasema kweli, walicheza na vumbi likapanda mpaka likaonekana kwenye mwanga wa sinema kama moshi. Kisha picha ikaanza kwenda mbele tena. Kibuyu akavua kofia, akapiga magoti, na Kamili akasema, "Nimekosa mimi. Wewe umepigwa kwa ajili yangu. Wewe ni mwema kuliko mimi. Nisamehe."

"Rudisha!"

Ikarudishwa. Kibuyu akainuka, Wagika wakashangilia. Kibuyu akapiga magoti, na maneno yakawa yaleyale. Hakuna lililozidi, hakuna lililopungua. Safari ya mwisho uwanja ulimsikiliza Kamili tu, hawakuiangalia picha, kama wanavyomsikiliza shahidi anayeulizwa upya. Alipomaliza, Mbuke akageuka kuwatazama Wagika.

"Mwongo hukosea mara ya pili," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Huyu hajakosea. Magomvi yenu si naye, ni na Kibuyu. Mwulizeni Kibuyu."

Na kwa kuwa neno hilo lilikuwa la haki, wakafanya hivyohivyo. Waliliacha jina la Kamili, wakaligeukia shuka.

"Kibuyu, umetuuza!"

"Tumekuchonga, tumekupaka rangi, leo unatuaibisha!"

"Kula kuku wa harusi umeweza, kushikilia neno umeshindwa!"

Mama mmoja wa Kigika, mwenye mtoto mgongoni, alisema polepole, "Lakini alikosa kweli. Kuku alimla." Watu wa kwake walimtazama. "Si mlimwona? Mlishangilia." Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wa pili, na kicheko kikasambaa kushoto kote mpaka kikakutana na cha kulia katikati, mahali palipokuwa wazi. Waliomba sinema yote ianze upya, na Padri akaianza. Safari hii walikaa popote walipopata nafasi.

Jumatatu Wagalu walishinda, kama Ngassa alivyotabiri. Walicheza na Mwiko wao mwenye mkono unaoning'inia, na uwanja ukawajia. Wagika walikuwa wamemwacha Kibuyu nyumbani kwa aibu. Nasikia baadaye walimrudisha, wakatunga wimbo wa mtu mnene aliyeona haya, na wimbo huo uliimbwa mpaka Kahama.

Lakini kabla ya hayo, alfajiri ya Jumatatu ileile, Ngassa alikuja na vijana, akamsalimu Kamili vizuri, akaitungua ngoma kuu ukutani. Kamili alimsaidia kuifunga kamba isikwaruzwe njiani.

"Hukuniachia la kufanya, shemeji," Ngassa alisema.

"Najua."

"Ungesema kifungo tu."

"Hakuwa nacho."

Scolastika aliwapa uji, wote wakanywa, na undugu haukukatika. Kamili alikwenda uwanjani mchana, akasimama kati ya watazamaji. Mkewe alisema baadaye kwamba mikono yake ilikuwa ikipiga mapajani, taratibu, bila yeye kujua.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiwa mtu wa raha na usingizi mzuri. Mahakamani Wagalu na Wagika walimtaka yeye, na hakimu aliyekuja baada ya yule wa kwanza alikuwa akisema kwamba Kamili akiwapo hana haja ya kuuliza mara mbili. Alitafsiri sinema nyingine nyingi. Ngassa alikula kwake kila Krismasi.

Kusema kweli siku ile kulimgharimu ngoma yake. Hakuipiga tena hadi alipofariki.