Vitofali vya Fundi Ukuta

Loo, kuna watu waliokula jiwe kwa ukimya, lakini huyu fundi mwashi alikuwa amekula mlima mzima! Wenzake kazini walimwita Ukuta. Umsalimie, anainua mwiko. Umpe umbea moto moto, anatikisa kichwa. Mkewe, mwoka mikate mwenye mdomo wake, alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye aliposwa kwa kikohozi.

Utani huo uliisha utamu binti yao alipofikisha miaka miwili na nusu bila kutamka neno. Mama alikuwa zamu ya mchana kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo kila alasiri mtoto alikaa na baba yake. Wakikaa, ni kimya, kama watu waliosusiana.

Muuguzi wa kliniki alimpima mtoto masikio, akayakuta mazima. "Baba, huwa mnaongea nini nyumbani?"

Fundi akakohoa.

"Basi cheza naye. Mtajie kila mnachoshika, halafu umngoje ajibu, hata kwa kidole."

Njiani fundi hakulia, ila alitamani. Alimpenda mwanawe kupita kiasi, na wazo kwamba ni yeye aliyemnyima maneno lilimfuata hadi nyumbani.

Kesho yake alikata mabaki ya mbao, akayapiga msasa yakawa vitofali laini, akaketi sakafuni na mtoto. Haya, aseme nini? Akachungulia dirishani asije akasikika, kisha akasema lugha pekee aliyoijua: "Tofali! Leta tofali! Weka! Juu! Tena!"

Mkewe aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, huyu ni mtoto au kibarua?"

"Huyu ni bosi."

Maneno matatu kwa mkupuo! Mke akashika mdomo.

Tangu hapo kikombe kikawa karai, kijiko kikawa mwiko, na mwanasesere mmoja mnene akawa msimamizi asiyeridhika na lolote. Fundi akamwigizia sauti, tena nyembamba! Mtoto alicheka, akaleta alichotajiwa, akaonyesha kwa kidole juu na chini. Neno sasa, wapi! Mwezi ukapita, wa pili ukaingia. Kila akitaja kitu fundi alingoja, halafu akataja kingine.

Jumamosi moja mama alikuwa chumbani humo akikunja nguo. Mnara wa vitofali ulishafika kidevuni kwa mtoto. Fundi akaweka cha mwisho, akajipangusa mikono. Mtoto akainamisha kichwa upande, akafumba jicho moja.

"Umepinda."

Mama akaangusha shati. Miaka kumi na minane ya uashi, hakuna aliyewahi kumwambia fundi neno hilo, afadhali ungemtukana. Sasa alikaa pale machozi yakimtiririka, meno yote nje.

"Wapi, mama?" akamuuliza binti yake. Akangoja.

Mtoto akaugusa mnara kwa kidole, ukaporomoka wote. "Hapa, baba."

Fundi akamnyakua, akamweka mabegani, akatoka naye mbio hadi barabarani. Mtu ambaye majirani walikuwa hawajui hata sauti yake ikoje, akapiga kelele mtaa mzima ukasimama: "Jamani, njooni! Njooni msikie! Mnara wangu umepinda!"