Ufa wa Kalenda Tisa

Kwenye nyumba yetu ya urithi pale Ilala, mwaka mpya nilikuwa naujua kwa nyundo ya shangazi. Alitundika kalenda mpya, na ya zamani hakuishusha. Zilifika tisa kwenye ukuta mmoja wa chumba chake, kalenda za matairi na vipuri kutoka maduka ya mtaa wa Gerezani, zote zawadi za ndugu zake. Nyuma ya kalenda hizo ulipita ufa unaoweza kumeza kijiko. Najua kwa sababu kimoja kilimezwa.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi aliuziba, ila kwa karatasi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na aliogopa jambo moja tu: ndugu wakiuona ufa watasema nyumba imekwisha, iuzwe kwa wajenga maghorofa, naye akapange chumba uzeeni. Basi walipokuja kumsalimia, chai nilimimina nusu kikombe, maana meza iliinama na kikombe kikijaa tu chai inamwagikia upande wa kona ya nyumba iliyokuwa ikididimia. Mlango ulipogoma kufungika aliitwa seremala aupige randa. Aliupiga randa mara nyingi mpaka paka akawa anapita chini yake bila kubisha hodi.

Mchawi tulikuwa naye ndani. Msingi ulikuwa wa mawe na udongo, na kila asubuhi shangazi alimwaga maji ya kufulia palepale konani, kwa kuwa karo ya maji machafu hakuiamini. Mfereji wa bati la jirani nao ulimwagia hapohapo. Nilimwambia maji yanakula udongo chini ya msingi. Akanijibu kwamba nyumba hii imenyeshewa na mvua kabla sijazaliwa, na mbona haijalalamika.

Mwezi wa saba akaja baba mdogo, ambaye shangazi alimwogopa kuliko wote kwa kuwa anajuana na madalali. Nyuma yake alikuwepo fundi mwashi. Kwapani baba mdogo alibana karatasi iliyoviringishwa, nami nikajua ni mkataba wa kuuza. Nilikasirika hata salamu ikanishinda.

Akamwamkia dada yake, akaikunjua ile karatasi. Ilikuwa kalenda, kubwa kama shuka, ya mwaka uliokwisha kufika nusu.

“Dada,” akasema, “kubwa kuliko hii hazichapwi. Sasa tuchimbe.”

Nikazitazama zile tisa. Kila mwaka ilikuwa imeletwa kubwa kidogo kuliko ya mwaka uliotangulia, kadiri ufa ulivyokua.

Fundi akaeleza kwamba atachimba kipande kwa kipande, amwage zege chini ya kona, na maji yageuzwe njia. Shangazi alisikiliza akiwa ameinama. Mimi nikaanza kumimina chai, nusu kikombe kama kawaida.

“Jaza,” akaniambia.

Nikajaza. Ikamwagika kuelekea konani, na baba mdogo akasogeza mguu wake.