Geji ya tenki mbili, na mwanzi wa kamati ulioniita mwizi

Wakuu, heshima zenu wote. Wachache mlionizidi umri humu, shikamooni.

Kuna mtu kauliza jinsi ya kufufua geji ya mafuta kwenye pick-up ya zamani yenye tenki mbili. Wengi mmemjibu "uza chuma hicho". Mimi namjibu kwa uzi mzima, kwa sababu geji ya namna hiyo iliniokolea ndoa. Siongezi chumvi, yalinikuta mwenyewe.

Kaeni mkao wa kula.

Miaka ya sabini nilikuwa dereva wa kijiji kimoja cha ujamaa, juu huko Uluguru. Gari lilikuwa moja tu, mali ya kijiji. Lilishusha ndizi na kabichi Morogoro mjini, likapandisha chumvi, sabuni na wagonjwa waliopona.

Kwetu ni Singida. Nilioa hapo kijijini, na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo aliyehama ni mimi. Mwanamume wa kuja, mnanielewa.

Gari lina tenki ya kushoto na ya kulia, geji moja, na swichi ya kuchagua unasoma ipi. Geji ilikuwa imekufa. Mshale ulilala kwenye E tangu gari lifike.

Kamati ikajitengenezea kipimo. Walimimina petroli debe moja moja kwenye tenki ya kushoto, na kila debe wakachovya mwanzi na kuutia alama kwa kisu. Mwanzi ulikaa kwa katibu. Nikirudi safari anachovya mbele ya wajumbe wawili, anasoma, naenda kula.

Kumbukeni petroli wakati ule ilikuwa ya kibali. Kuiba petroli ya kijiji ilikuwa sawa na kuiba dawa za zahanati.

Sasa balaa. Kila nikijaza tenki ya kulia, mwanzi unanigeuka. Stakabadhi ya kituo inasema madebe mawili, mwanzi unasema moja na nusu. Mara ya kwanza walinitania. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Mjumbe mmoja alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Salum. Akaacha kuitikia shikamoo yangu. Wakuu, umsalimie mkweo mbele ya mkeo halafu anyamaze, siku hiyo ugali haushuki.

Katibu akaniambia, "Ndugu dereva, Jumamosi kuna kikao. Jiandae."

Mke wangu hakupandisha sauti. Alisema, "Ukifukuzwa hapa kwa wizi, mimi Singida sikufuati."

Nikiri jambo. Mimi nilijua siibi, kwa hiyo nilimshuku mlinzi wa gari, Chande. Nikaanza kumjibu salamu zake kwa mkato, kama nilivyokuwa nafanyiwa mimi.

Jumatano nikashuka mjini na mzigo. Nikisubiri kibali, nikaliegesha gari Mwembesongo kwa fundi niliyemwamini, nikasema leo geji hii itasema.

Kijana uliyeuliza, soma hapa taratibu.

Kwanza, vifuniko vya tenki vifungwe na sigara iwe mbali. Nikachomoa waya wa geji kwenye tenki, nikafungulia ufunguo wa gari bila kuwasha injini, nikaugusisha kidogo tu kwenye chasisi. Mshale ukapanda mpaka F. Maana yake geji nzima, waya mzima. Ugonjwa uko kwenye tenki.

Ya kushoto ilikuwa kutu tu. Tenki haikushikana vizuri na chasisi, umeme haukupata njia ya kurudi. Nikakwangua kutu, nikaunga kipande cha waya. Mshale ukainuka. Nilipiga kelele mpaka mama wa maandazi akaja kuangalia.

Ya kulia ikagoma. Ilikuwa tupu, kwa hiyo nikaing'oa floti yake, lile boya dogo la shaba linaloelea juu ya mafuta. Nikalitikisa sikioni, ndani linacheza petroli. Boya limetoboka, litaelea vipi? Fundi akalichovya kwenye maji ya moto, mapovu yakaonyesha tundu. Akalimwaga, akalikausha kabisa, akaliziba kwa risasi ya kulehemu.

Wakati wa kulirudisha ndipo nikaona kitu. Mkono unaolishika ulikuwa mfupi mno kwa tenki ya kina kama cha kushoto. Nikaingia chini ya gari. Bomba la moshi linapita chini ya tenki ya kulia, kwa hiyo waliolitengeneza gari waliinyanyua sakafu yake na kuipanua ubavuni. Ujazo uleule, kina kifupi.

Na mwanzi wetu ulipimiwa kushoto!

Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu.

Nikajaza kulia, nikapanda mlima kwa mafuta ya kushoto. Kufika, katibu akachovya: debe moja na nusu. Nikafungulia ufunguo, nikageuzia swichi kulia, mshale ukaonyesha imejaa.

"Mshale umeutengeneza mwenyewe," akasema katibu. Kweli tupu, sikubishana.

Nikasema, "Basi tuyatoe yote." Nikanyonya kwa mpira. Mzee Salum akashika debe mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Debe la kwanza likajaa. La pili likajaa mpaka ukingoni.



Mzee akaomba kisu. Akairudisha petroli kwenye tenki ile ile ya kulia, debe kwa debe, akaukatia mwanzi alama mpya upande wa pili. Alipomaliza nikasema tena, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Wakuu, niligeukia gari nikajifanya nafunga kifuniko. Machozi hayakuwa ya petroli.

Kikao cha Jumamosi kilijadili kabichi.

Lakini kabla ya kikao, asubuhi iliyofuata siku ya madebe, nilimfuata Chande, nikamweleza nilivyomshuku na nikamwomba radhi. Akaniambia, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Hilo ndilo somo nililobaki nalo. Kabla hujamwita mtu mwizi, kakague kipimo chako, kilipimiwa tenki ipi. Niliona kosa la kamati haraka sana, la kwangu lilinichukua usiku mzima.

Mwenye swali la waya au boya aulize, nipo. Na kama kuna mtu umeacha kuitikia salamu yake, tuambie humu kama umeshachungulia chini ya gari.